Ukimya wa Karakana ya Mizinga

Siku yangu ya kwanza chuoni niliambiwa kwamba maikrofoni humsikia marehemu kwa siku arobaini baada ya mazishi, nami nikaamini kuliko nilivyoamini ratiba ya masomo. Aliyeniambia ni Panga, mwanafunzi wa mwaka wa pili, mwenye ndevu tatu na maneno elfu kumi. "Mzee," akasema, akinitania kwa kuwa nilishafika miaka ishirini na nane, "ukirekodi chumba cha mtu aliyekufa, usibaki peke yako. Utamsikia akivuta pumzi."

Chuo kilikuwa cha jioni, Arusha mjini. Mchana nilitengeneza redio sokoni, saa kumi na moja nakimbilia darasa la filamu na televisheni pamoja na walimu, askari, na muuza nyama mmoja aliyetaka kuwa mwigizaji. Ninyi vijana mna kila kitu kwenye simu. Sisi tulikuwa na kamera moja, kubwa kama ndama. Nilibeba kile kitu wiki moja tu, na bega langu la kulia halijapanda mpaka leo. Ndiyo maana nikahamia sauti: mlingoti mrefu wa maikrofoni mikononi, hedifoni masikioni, kinasa sauti cha kaseti kiunoni.

Mkufunzi wa Sauti, mama asiyecheka, alitufundisha jambo moja kabla ya yote. Mkimaliza kupiga picha mahali, kila mtu anyamaze, mrekodi ukimya wa hapo kwa dakika nzima. "Hakuna ukimya unaofanana na mwingine," alisema. "Ukikata maneno ya mtu, pengo unalijaza kwa ukimya wa chumba kilekile. Ukiweka wa chumba kingine, hata ng'ombe atagundua."

Kwa filamu ya kuhitimu tulimchagua mzee Gwandu, fundi wa mizinga ya nyuki huko Gitting. Mimi mtoto wa Haydom, wilaya jirani, niliwaambia wenzangu kwamba nyumbani kwetu hakuna asiyemjua, jambo ambalo lilikuwa kweli kwa kiasi fulani. Mzee alikubali kwa barua. Basi lilipotushusha tukakuta turubai la msiba bado limefungwa uani. Alikuwa amezikwa siku tisa zilizopita.

"Shikamoo, mama," tukamwambia mjane wake, Mama Elizabeti.

"Marahaba. Mmechelewa." Akatutazama na vyombo vyetu. "Picha yake ninayo, ya kitambulisho. Sauti yake ndiyo sina. Nilijua ninyi mtaichukua."

Baridi ilikuwa imeniziba pua tangu kwenye basi, akanipa chai ya tangawizi, kisha akatuonyesha karakana. "Ingieni. Labda kuna kitu kimebaki."

Ukungu wa mlimani ulikuwa umeshuka mpaka mlangoni, asubuhi ile, mweupe kama maziwa. Ndani kulikuwa na gogo lililochimbwa nusu, tezo, shoka lake la kuchongea, juu yake, vipande vya mti bado vinanukia, na koti lake kwenye msumari, mabega yamejaa kana kwamba kuna mtu ndani. Tulipiga picha tulizoweza. Kisha mwongozaji wetu, yule askari, akasema, "Wote nje. Sauti abaki, achukue ukimya."

Nikabaki. Nikamkumbuka Panga. Nikahesabu: siku ya tisa.

Mwanzoni kulikuwa na mvumo wa chini tu, nikadhani waya mbovu. Halafu nikaisikia. Pumzi. Nzito, ya taratibu, yenye mluzi mdogo mwishoni, karibu kabisa na sikio, kama mtu aliyeinama juu ya gogo. Nilipobana pumzi kwa hofu, nayo ikakatika, kama inanisikiliza. Nilipoachia, ikaendelea. Nywele zilisimama zote, na enzi zile nilikuwa nazo.

Kule chuoni, sekunde chache tulizohitaji nilizikata mahali pasipo na pumzi. Mkufunzi akasikiliza. "Kuna mvumo hapo chini. Uchuje." Nikauchuja mpaka ukaisha, akanipa alama nzuri. Lakini kaseti yenyewe, nzima, niliituma Gitting kwa dereva wa basi, na barua: "Mama, sauti yake hii hapa."

Niliajiriwa kituo cha televisheni, nikahamishwa Mwanza, Dodoma, Mbeya. Kila ukimya ulipofika niliwasha kinasa na kutoka nje ya chumba. "Wewe mbona unakimbia?" Mkuu wa Vipindi aliniuliza. "Kikohozi, bosi." Alinivumilia, maana sauti zangu zilikuwa safi kuliko za nchi nzima. Na sikusikia pumzi tena popote, hata kwenye nyumba za msiba. Hilo ndilo lililonithibitishia kwamba ile ilikuwa ya mzee Gwandu mwenyewe.

Nilipostaafu nilirudi Haydom. Kitu kimoja hakikunipa usingizi: je, nilimpa yule mama faraja, au nilimwachia mzuka ndani ya nyumba? Mwaka jana nikapanda basi la Gitting.

Mama Elizabeti amezeeka, lakini alinitambua. Hata sikuuliza. Akaleta redio kaseti, akabonyeza. Pumzi ile ikajaa sebule, na mluzi wake, mchana kweupe.

"Mzee huyo," nikanong'ona.

"Mzee yupi?" Akacheka mpaka akajifuta macho. "Hiyo ni pumzi yako, mwanangu. Siku ile ulikuwa na mafua. Mume wangu alipumulia mdomo. Ng'ombe alimvunja pua kabla hajanioa."

"Sasa mama, mbona umeitunza miaka yote?"

Akaongeza sauti mpaka mwisho. Nyuma ya pumzi yangu ukapanda ule mvumo nilioambiwa niuchuje.

"Sikiliza huko nyuma. Ni nyuki wake, wa mzinga wa nje ya ukuta. Walihama wiki hiyohiyo mliyoondoka. Mimi nasikiliza hao."