Karafuu Shavuni

Muuza viungo akifungua kopo la karafuu, ulimi wangu hukauka.

Mama alizaliwa Kasai, mimi nilizaliwa hapa Lubumbashi. Kila "ti" kinywani mwake iligeuka "chi", na majirani walizoea kumcheka kwa upendo. Kisha ukaja wakati ambapo watu wa Kasai walifukuzwa majumbani mwao, na hakuna aliyecheka tena. Vijana walilaza gogo barabarani, wakawa wanamuuliza kila mpita njia linaitwaje; aliyesema "muchi" badala ya "muti" hakupita.

Asubuhi ile mama alijaza karafuu shavuni, akajifunga taya kwa kitenge kama mtu anayeumwa jino, akanishika mkono twende kwa shangazi.

"Mama, hii ni nini?" kijana mmoja alimuuliza, akigonga gogo kwa panga.

"Ni muti, papa," nilijibu haraka. "Mama yangu meno inamuuma."

"Sikuuliza weye. Aseme ye mwenyewe."

Mama alifungua kinywa. Mate ya kahawia yakamchuruzika kidevuni, tone likamwangukia kijana mkononi. Mama aliguna tu, nami nikaomba mguno ule usiwe na Kasai ndani yake.

Kijana alijifuta kwenye suruali.

"Pita, mama. Wende kwa munganga."

Kwa shangazi mama alitema karafuu zote, lakini kutwa nzima hakufungua tena kinywa.

Leo muuza viungo ameniuliza nataka vijiko vingapi. Nimemwonyesha kwa vidole.