Kahawa Niliyoipasha Moto

Wajukuu wangu wana mtindo wao siku hizi. Jumamosi mchana, jua likiwaka sawasawa, wanajazana jikoni kwangu, wanachemsha kahawa nzito na kuimimina juu ya vipande vya barafu. Barafu ikipata kahawa ya moto hulia, ta, ta-ta, na papo hapo harufu ya hiliki na nazi inajaa nyumba nzima. Kila mmoja ana ufundi wake. Huyu anatia maziwa ya kopo, yule anatia asali, na mmoja majuzi katia parachichi, nikamwambia hiyo sasa ni mboga, alete ugali. Wananicheka. Wanadhani bibi yao anashangaa mambo mapya. Hawajui kwamba kinywaji hicho kilitengenezwa Nachingwea na baba yangu, kabla mama yao hajazaliwa, na kwamba mimi ndiye niliyekiharibu.

Nilikuwa na miaka minane, au tisa, sina hakika. Ilikuwa enzi za Wazungu wa karanga, waliokuja kufyeka pori walime karanga, matrekta yanang'oa miti tangu asubuhi na vumbi jekundu linatua hadi ndani ya sufuria. Baba alikuwa mpishi kwenye nyumba ya Mzungu mmoja. Sisi tulikaa nyumba za wafanyakazi, chumba na baraza, jiko uani, na ua wa mianzi kati yetu na jirani. Baba hakuwa mtu wa maneno. Ukimwuliza jambo alianza kwanza kujipangusa mikono, na mara nyingi alimaliza kujipangusa bila kujibu.

Mwezi wa Oktoba mwaka ule alikuja Bibi, mama yake Mama, kutoka Ruangwa. Alikuja na furushi lake kichwani na jambo lake kifuani, na hata maji hakunywa kabla ya kulisema. Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni, akikwama anamalizia kwa Kimwera, lakini siku hiyo hakukwama.

"Nimekuja kumchukua mwanangu na huyu mtoto," alisema. "Mume asiye na jembe mimi simjui."

Niwaeleze, maana siku hizi mengi yamesahaulika. Kwetu mwanamume akioa alihamia kwa kina mkewe. Alijenga huko, akalima shamba la mama mkwe, watu wakamwona jasho lake. Baba alilima misimu michache tu. Matrekta yalipokuja akamchukua Mama wakaenda zao Nachingwea kwenye mshahara. Nguo alituma, sukari alituma. Bibi alipokea vyote, lakini shamba lake lilikuwa linaota majani, na majirani wa Ruangwa wana macho. Sasa mvua ilikuwa inakaribia na uvumilivu wake ulikuwa umekwisha. Alitoa siku nne, ya tano tunaondoka naye.

Baba hakuweza kumjibu. Mkwe hasimami mbele ya mama mkwe, hali chakula mbele yake, na wala hatamki jina lake. Bibi akiwa barazani, Baba alipitia kwa jirani. Bibi akisikia kikohozi cha Baba, alijitanda kanga na kugeukia ukutani. Kwa siku tatu watu wazima wawili walikimbiana kwenye nyumba ya chumba kimoja, na mimi, Mungu anisamehe, niliona ni mchezo mzuri sana. Mama hakuona mchezo wowote. Alikuwa anachambua mchele na machozi yanadondokea kwenye ungo.

Jambo moja tu Bibi alilisifia Nachingwea, nalo ni kahawa. Alilalamikia vumbi, alilalamikia ngurumo za matrekta, alilalamikia joto lililomchemsha ubongo, lakini kahawa aliipenda tangu ujana. Baba akayasikia hayo ng'ambo ya ua. Jioni ile nikamwona jikoni kwa jirani na sufuria ndogo, anajaribu. Alitwanga kahawa na hiliki. Akatia tui zito la nazi ya Lindi. Akajaribu asali, akajaribu ukwaju, tui likakatika likawa uji wa ajabu, akaumwaga mbali kuku wasiuone. Mimi ndiye niliyekuwa mwonjaji wake, na kila nilipoonja, ilikuwa ya moto.

"Bado," alisema. "Kuna kitu hakijaja. Kesho kitakuja."

Kesho yake ndiyo siku ya nne. Mchana wa saa nane Baba alitokea kwa nyuma, anakimbia. Sijapata kumwona baba yangu anakimbia kabla ya siku ile wala baada yake. Kifuani amekumbatia gunia lililojaa maganda ya karanga, na gunia linachuruzika maji. Akaniambia nikaazime bilauri kwa mke wa fundi seremala, ile yenye maua. Niliporudi, kazi ilikuwa imekwisha. Alimimina kahawa na tui kwenye bilauri, akanipa kwa mikono miwili.

"Mpelekee Bibi. Usiseme kitu. Mpe tu, anywe."

Nikapokea, na nusura niiangushe. Bilauri ilikuwa inauma! Nje inatoka jasho, ndani vinaelea vipande vya kitu kama vioo. Nilizunguka ua nikiitazama. Barafu nilikuwa nimeisikia kwa jina tu, na hata hivyo sikuikumbuka. Nilichokumbuka ni wiki iliyopita, nilipompelekea maalimu wetu wa chuo cha Kurani kahawa iliyopoa, na Mama akanifinya sikio mpaka likawaka: mgeni hapewi kahawa iliyolala, ni kumwambia aondoke. Sasa huyu si mgeni tu, ni mkwe! Mkwe mwenyewe amekwisha kusema anaondoka nasi kesho! Nikajua Baba kapitiwa, masikini, kwa haraka zake za kukimbia.

Nikaingia jikoni kwetu. Moto wa Mama ulikuwa bado unawaka kwenye mafiga. Nikamimina kahawa yote sufuriani, na vile vioo vyake, nikachochea. Vioo vikaisha. Nikafurahi sana kuona vimekwisha. Ilipoanza kutoa moshi nikairudisha kwenye bilauri ya maua, nikaishika kwa pindo la kanga, nikampelekea Bibi na adabu zangu zote, magoti chini.

Ng'ambo ya mianzi niliona kanzu ya Baba. Alikuwa amesimama hatikisiki, anasubiri.

Bibi akanywa funda moja, funda la pili. Jasho likamtoka usoni. Akaitazama bilauri.

"Ahsante," alisema. "Kahawa yenu ya huku ina maji mengi."

Akaiweka chini, na ile kanzu ikaondoka.

Jioni nilimkuta Baba amekaa juu ya kinu kilichopinduliwa. Vidole vyake vilikuwa vimekunjamana kama vya mtu aliyeshinda akifua. Aliniuliza kama vile vipande vilikuwa vimebaki Bibi alipokunywa. Nikamwambia, kwa fahari kabisa, "Nimeviyeyusha, Baba. Nimeipasha moto, asije akasema umempa kahawa iliyolala."

Alinitazama. Akaanza kujipangusa mikono kwenye kanzu, nami nikajua hatajibu. Lakini safari hii alijibu.

"Umefanya vizuri," alisema. "Umemfichia baba yako aibu."

Akaniambia nikale. Yeye hakula.

Asubuhi Bibi alikuwa anafunga furushi. Mimi na Bibi tulikuwa watani, aliniita mke mwenzake, na kwa mtani mdomo wangu haukuwa na kufuli. Nikamwambia mke mwenzangu wewe unaondoka hujaona maajabu, jana kahawa yako ilikuwa na vioo vya baridi, mimi nikavipika.

Mikono yake ikasimama.

"Baridi gani na jua lile?"

"Baridi ya kuuma, Bibi. Baba kaileta kwenye gunia kutoka kwa Wazungu. Alikuwa anakimbia."

"Anakimbia? Yeye, mtu mzima, mchana ule?"

"Anakimbia, na gunia linammwagikia maji kifuani."

Bibi akakaa chini. Alicheka kwanza, akanivuta sikio lile lile alilolifinya Mama, kisha nilipomtazama alikuwa anajifuta macho kwa ncha ya kanga. Akasema, "Lete kile kikombe chao." Nikaleta bilauri ya maua. Akafungua kona ya furushi, akachota ufuta, akaijaza bilauri mpaka juu.

"Kampe baba yako. Mwambie hii ni ya kupanda, si ya kukaanga."

Alijitwika furushi akaenda Ruangwa peke yake. Mama alimsindikiza hadi njia panda, akarudi anaimba.

Mvua zilipokolea Baba aliomba ruhusa kwa Mzungu wake, akaenda kuupanda ufuta ule, na palizi ilipofika akaenda tena. Aliendelea hivyo kila msimu. Miaka ilipopita Wazungu wa karanga walifunga mizigo yao, wapishi wakabaki na aproni bila majiko. Wengi walihangaika. Sisi tulienda Ruangwa, na tulikuta shamba linatungoja. Bibi alifariki bila kugusa barafu hata siku moja.

Nilikuwa na watoto wangu nilipojua zaidi, Mama aliponisimulia. Kumbe siku ile ya nne Baba alimwambia, "Sina ruhusa ya kusema naye. Nitamtengenezea kitu kitakachosema." Maneno yake yote aliyatia kwenye bilauri ile, nami nikayachemsha hadi yakaisha. Na baba yangu, aliyejua kwamba kesho yake huenda akaachwa peke yake, alinitazama akaona mtoto aliyetaka kumwokoa, akaniambia nimefanya vizuri. Mimi sijui kama ningeweza. Wanangu wamenivunjia vikombe tu, na nimewapigia kelele.

Basi wajukuu wakishamaliza ufundi wao huniletea bilauri yangu. Nawasifu, nangoja watoke. Naiacha mezani mpaka barafu iishe yote, kisha naitia sufuriani na kuipasha moto. Huwa ina maji mengi. Naimaliza.