Kware wa Ghalani

Miaka ile ya mwanzo ya Uhuru nilimaliza shule ya msingi, nikaajiriwa kusikiliza ndege. Baba yangu, aliyekuwa akitega kware kijijini kwetu Musanda, alicheka mpaka akajishika mbavu. "Hapa nyumbani unawasikiliza bure," alisema. "Huko watakulipa?"

Aliyeniajiri alikuwa mwenzetu aliyerudi kutoka masomoni ng'ambo. Watu walimwita Daktari, na akina mama walimletea watoto wenye homa mpaka akachoka kuwaeleza kwamba yeye anachunguza saa iliyo ndani ya wanyama. Alitaka kujua kama kware akifungiwa asipoona jua atatambua kumekucha. Tulichukua sita kwa baba, tukawaweka kwenye ghala la mawe karibu na Lumakanda, katika shamba lililoachwa na Mzungu. Madirisha tuliyaziba kwa udongo, na taa moja hafifu iliwaka humo mchana na usiku. Kazi yangu ilikuwa kuingia kabla ya mapambazuko, kukaa pembeni na kuandika dakika waliyoanza kuimba.

Waliimba kila alfajiri bila kukosea. Daktari alifurahi, akaanza ripoti ya kuwapelekea walimu wake. Alisema ikikubaliwa tutapewa chumba cha kazi cha kudumu, nami nitabaki naye.

Wiki ya tatu jino likanivimbisha shavu. Niliingia kama kawaida, nikakaa. Kimya. Waliimba karibu saa nzima baadaye, nje jua limeshatoka. Hapo nikaelewa, hata jino nikalisahau. Kwetu mtega kware hamwendei ndege wake asubuhi bila kumpigia mluzi. Ni kama kubisha hodi. Nilikuwa nikiwapigia kila siku bila kufikiri, na siku hiyo mdomo ulikataa.

Kuongea na watu kunanishinda. Nilichukua daftari nikaandika, ikanichukua asubuhi nzima: "Daktari, ndege hawakujua kumekucha. Mimi ndiye niliyewaamsha kwa mluzi." Nikamwachia mezani, nikaenda kufunga nguo zangu.

Alinikuta na furushi mkononi. Akauliza niliwapigia mluzi siku ngapi. Nikasema zote. Akavua miwani, akacheka mpaka machozi yakamtoka, kisha akaichana ripoti.

"Weka hilo furushi chini, kijana. Ni wangapi wangeniandikia hivi? Tunaanza upya, na wewe utasikilizia nje."

Tulitoboa tundu dogo ukutani, tukaliziba kwa kitambaa, nikawa nasikiliza kutoka chumba cha pili. Siku ya kwanza waliimba jua likichomoza. Siku ya pili wakachelewa dakika chache, ya tatu wakaongeza zilezile, mpaka mwisho wa mwezi wakawa wanaimba tukinywa chai ya saa nne. Nilidhani tumeharibu tena. Daktari aliweka kikombe chini, akasikiliza, akaniambia kwa sauti ya chini kwamba saa hiyo hawakuambiwa na jua wala na mimi; ni yao wenyewe, ila inakwenda polepole kuliko ya jua.

Akanipa daftari jipya la kazi, akataka jina langu liwe juu, karibu na lake. Niliandika herufi moja moja, naye akangoja.