Kuku wa Rozalia Huja Peke Yao

Mimi Zulfa, muuza uji na chapati hapa stendi ya Ruangwa, nasema wazi: wale watetezi wa wanyama hawakukosea. Kuku kuning'inizwa kichwa chini kutoka Lionja mpaka huku ni mateso, na sote tulikuwa tunaona tunanyamaza. Lakini mbona hakuna aliyeuliza habari za Rozalia?

Rozalia ni mjane wa Lionja. Wanawe wako Dar, salamu zao huja Krismasi. Kila Jumatano alishuka kwenye Noah, gari la abiria, na kuku wake waliofungwa miguu, akawauza kwa Dastani, mpishi wa nyumba moja ya wageni, kisha akaja kwangu. Uji wake hautiwi sukari. Tulikaa mpaka gari la kurudi lilipokaribia kujaa. Alinitania kwamba chapati zangu zinafaa kuwa kandambili. Nikamjibu ndiyo maana anakula tatu. Kiswahili kikituchosha tulihamia Kimwera, hapo ndipo tukawasengenya watu vizuri. Wateja ninao kutwa nzima, lakini wa kunichokoza hivyo nilikuwa naye huyo mmoja tu.

Basi watetezi wakaja kutoka Dar, wakapiga picha, picha zikazagaa kwenye simu, wageni wakagoma kula. Mwenye nyumba ya wageni akatangaza kwamba kuku aliyefungwa miguu hanunuliwi tena.

Rozalia akasikia. Jumatano iliyofuata akashuka na kuku mmoja mgongoni, kambeba kwa kanga kama mjukuu, mwingine kampakata. Stendi nzima hoi kwa vicheko.

"Chekeni!" akasema. "Hawa hawajafungwa mguu hata mmoja. Na njiani nimewaimbia!"

Dastani hakucheka. Alimweleza kwa upole kwamba sasa kuna matenga mapana, na kijana wa mizigo, Edwin, atawafuata kuku mpaka mlangoni kwake kwa guta, pikipiki yake ya magurudumu matatu. "Usihangaike na safari tena, mama. Wewe pumzika."

Pumzika! Lo, neno hilo. Rozalia alikuja kwangu, akakaa, uji ukapoa hajaugusa.

"Nipumzike na nani, Zulfa?"

Nikamwambia aje hivyo hivyo, bila kuku. Akatikisa kichwa. "Mjane apande gari mikono mitupu kila wiki? Lionja watasema nazurura."

Hakuja tena. Simu hana, hakuwahi kuitaka. Kuku wake ndio wakawa wanakuja, wamekaa vizuri tengani, maji wamewekewa. Wiki ya kwanza nikaona mtetea mmoja ana kipande cha kanga mguuni, kimelegezwa kama bangili. Ile kanga aliyombebea kuku! Nikacheka peke yangu huku machozi yananitoka. Ananisalimia, mchokozi yule. Tangu hapo kila Jumatano niliacha chapati zinaungua, nikakimbilia guta kutafuta kitambaa changu. Nikikiona, roho inatulia.

Jana sikukiona. Nilichungulia tenga moja moja mpaka kuku wakanidonoa.

"Edwin, kuku wa Rozalia wako wapi?"

"Si hao hapo, shangazi. Nimemkataza vitambaa. Kanuni inasema kuku asifungwe kitu chochote mguuni."

"Akasemaje?"

"Alimfungua yule kuku, akaingia ndani, akafunga mlango."

Sikumgombeza. Kijana anafanya kazi yake, na kanuni ni nzuri, nimeshasema. Lakini mchana kutwa niliuona mlango ule akilini, na sijawahi hata kufika Lionja. Miaka yote hiyo alikuja yeye tu.

Leo genge nimelifunga. Wateja wamenishangaa, nikawaambia wakanywe uji mbele ya safari. Nimechoma chapati tatu, ngumu kama kandambili, nimezifunga kwenye kanga, nimepanda Noah. Sina kuku, sina mzigo, sina shughuli yoyote ninayokwenda kufanya Lionja. Wakisema nazurura, waseme.