Saa yangu na sufuria ya mama

Jamani, kumbe saa yangu ilikuwa inatulizwa na mtindi!

Mnaijua ile saa niliyoiunda mwenyewe nyumbani Ilemela, inayoendeshwa na kipande cha fuwele kinachotetema.

Joto likibadilika kidogo tu, inaachana na mlio wa saa wa redio.

Wiki hii imetulia kabisa. Nikatamba hadi ofisini!

Leo asubuhi nafunua boksi lake. Juu ya saa kuna sufuria kubwa ya maziwa, imeviringishiwa blanketi.

"Nani kaweka hii?"

"Mimi," akajibu mama, aliyekuja wiki hii kututembelea kutoka Magu. "Hapo pana joto zuri, maziwa yanaganda haraka."

Nikafoka, nikaitoa.

Mchana narudi kula, saa imeshaanza kuyumba. Kumbe sufuria ile nzito na blanketi ndivyo vilivyozuia joto kupanda na kushuka!

Nikamfuata mama kinyonge. "Naomba ile sufuria."

"Mtindi wameshakunywa wageni. Kanunue maziwa, halafu uje uniamkie upya. Asubuhi hukuniamkia, ulinifokea."

Nawaandikia kwenye kompyuta ya ofisini. Ndoo ya maziwa iko chini ya meza.

Bosi ameshauliza mara mbili ni ya nini. Nimjibu nini?