Ushuhuda Nilioutoa Kabla ya Kupumzika

Siku ninayoikumbuka kuliko nyingine, mwanangu, ni Jumatano moja kanisani kwetu Kizuka, na wewe ulikuwa tumboni mwangu, miezi minne. Naiandika kwenye kaye hii, daftari langu, kwa sababu juzi kwenye simu uliniambia "niko sawa, mama", kwa sauti ninayoijua. Zamani ilikuwa sauti yangu. Sina hakika kama haya yatakufaa. Shule yangu iliishia darasa la sita, katika kambi ya wakimbizi Tanzania, na mengine hata leo sijayaelewa. Nitayaandika yalivyokuwa, wewe utachagua.

Tulikuwa na miezi minane tangu turudi Burundi. Katika shamba la babu yako tulimkuta Mama Deo na watoto wake. Wakubwa wa serikali wakaja na kamba ya kupimia, wakaligawa katikati. Sisi tuliona tumenyang'anywa nusu, na yeye aliona amenyang'anywa nusu. Nikisema ukweli, sioni nani alikosea. Baba mkwe wangu alilikimbia shamba lile wakati wa vita, akiokoa roho yake. Mama Deo aliolewa pale akiwa msichana, na michikichi mingi aliipanda kwa mikono yake.

Basi niliogopa kupumzika. Niliwaza kwamba nikionekana nimekaa, watasema hawa waliotoka Tanzania hawajui kulima, na nusu yetu nayo itachukuliwa. Hakuna aliyeniambia hivyo. Ni mimi niliyejiambia. Nilibeba mikungu ya chikichi kichwani, nikachemsha, nikasukuma mashine ya kukamulia mawese, ile yenye mti mrefu ambao mtu anausukuma akizunguka mpaka anaona kizunguzungu. Usingizi ukanikimbia. Muuguzi wa kituo cha afya aliniambia waziwazi, "Mama, mimba ya kwanza ilitoka kule kambini. Na hii usipopumzika itatoka."

Nikaenda kanisani, kwa sababu nilijua Yesu anatoa pumziko. Jumatano ni siku yetu ya kufunga. Wamama wanakaa tangu asubuhi bila kula, wanaomba, kisha kiongozi anauliza nani ana ushuhuda. Waliniombea Jumatano ya kwanza, na ya pili. Ya tatu, kiongozi alipouliza, wote waligeuka wakaniangalia. Walikuwa wananiangalia kwa upendo, hilo lazima niliandike. Nikasimama.

"Bwana asifiwe."

"Amen."

"Nilikuja hapa nimechoka. Yesu amenipumzisha. Sasa ninalala kama mutoto."

Wakapiga makofi, wakaimba, mmoja akanikumbatia analia. Na mimi usiku uliopita sikuwa nimefumba jicho. Ulikuwa uongo? Tulifundishwa kukiri kwa imani kabla ya kuona, na nilipokuwa nasema nilitamani sana iwe kweli. Mpaka leo nalipima jambo hili, halitulii. Ninachojua ni kilichofuata: sikuweza tena kumwambia mtu kwamba nimechoka. Baba yako akisema pumzika, namjibu nimekwisha pumzishwa. Wakanitia katika kundi la kuombea wagonjwa. Mzigo mwingine juu ya ule wa zamani, na nikaubeba ninatabasamu.

Siku ya nane baada ya ushuhuda ule, asubuhi, nilikuwa kwenye mashine. Ilikuwa ni moja tu kwa mtaa wote, kila mmoja na zamu yake. Zamu baada yangu ilikuwa ya Mama Deo. Alikaa juu ya bido lake tupu, dumu la kutilia mawese, akiniangalia nazunguka. Kirundi changu wakati ule kilikuwa kibovu, kwa hiyo alinisemesha Kiswahili chake cha soko la Rumonge.

"Weye si ulisemaka kanisani unalala?"

Nilikuwa nimesahau kwamba na yeye alikuwepo Jumatano ile, benchi la nyuma.

"Ninalala," nikasema.

"Na macho yako yamekuwa mekundu sababu ya furaha?"

Nikacheka, na katika kucheka nikauachia mti wa mashine. Nilijikuta nimekaa chini, tumbo limekaza kama ngumi. Nikajua, leo mtoto anatoka. Mama Deo akanishika kwapani, akanivuta kivulini, akatandika kitenge chake, akanilaza kwa ubavu.

"Lala. Mashine nitasukuma."

"Mawese yangu."

"Mawese yako iko palepale. Unazani nitayanywa?"

Sitakuficha: nilidhani atayachukua. Nilidhani hivyo macho yakiwa yanafumba, na sikuwa na nguvu ya kuzuia. Sikuomba hata neno moja. Nililala mpaka jua likaelekea kuzama ziwani. Nilipoamka tumbo lilikuwa laini, na wewe ulikuwa unachezacheza. Bido langu lilikuwa limejaa. Lake lilikuwa bado tupu, zamu yake imepita kwa ajili yangu.

"Murakoze," nikamwambia.

"Usinishukuru sana. Ile mupaka ya muhogo bado tutaiongelea." Na kweli tuliiongelea, miaka miwili, na si kwa upole kila mara.

Kabla ya Jumatano nilikwenda kwa Mzee Filipo, shemasi wetu, aliyekuwa fundi cherehani. Nilimkuta anashona sare za shule. Nikamweleza yote. Hakusimamisha cherehani mpaka nilipomaliza.

"Binti yangu, Yesu aliita waliochoka waje kwake," akasema. "Hakusema waje wamekwisha kupumzika. Weye ulimpelekea mtu mwingine, mzima, aliyeshiba usingizi. Yule aliyechoka ulimwacha nyumbani kwenye mashine. Sasa Mungu amsaidie nani?"

Nikauliza kama nitaadhibiwa. Akasema nisianze tena kujitafutia mzigo mwingine.

Jumatano nikasimama, nikasema nililala mara moja tu, chini ya kivuli, siku Mama Deo alipochukua mti wa mashine, na kwamba ushuhuda wangu wa kwanza niliutoa kabla ya wakati. Hakuna aliyepiga makofi. Kiongozi aliinamisha kichwa, nafikiri aliumia, na haki alikuwa nayo. Kisha mama mmoja wa mbele akasema polepole, "Na mimi ule ushuhuda wa mguu wangu, mguu bado unauma." Watu wakacheka kidogo, halafu wakaanza kulia, na siku hiyo tuliomba kama sijawahi kuona. Tangu siku hiyo wamama walipanga zamu ya kunibebea mikungu mpaka ulipozaliwa. Mama Deo alikuwa mmoja wao.

Hapa ndipo ninapochanganyikiwa. Nguvu zilinirudia, hilo ni hakika. Je, ni Mungu, au ni usingizi, au ni wale wamama? Mama Deo anasema ni usingizi tu, nisimbebeshe utakatifu. Mzee Filipo aliniuliza, na usingizi nani alikupa? Ninaamini ni Mungu, lakini ninaamini kama mtu anayetembea kwenye ukungu akishika ukuta.

Basi mwanangu, nikuusie haya machache niliyo na hakika nayo. Ukienda mbele za Mungu, nenda na uchovu wako mzima, usiupambe. Usiseme umepona kwa sababu watu wanangoja kupiga makofi. Mtu akishika mzigo wako, hata yule usiyempenda, muachie. Inawezekana ndiye aliyetumwa, na inawezekana ni jirani tu, vyote viwili ni vizuri. Muuguzi akisema pumzika, mtii. Na nikikupigia Jumapili, nawe ukiniambia "mama, nimechoka", nitapanda basi asubuhi yake nije nikufulie nguo za watoto, wewe ulale.

Mungu akulaze bila hofu, mwanangu. Akuamshe na nguvu za siku moja, na za kesho akupe kesho. Amina.