Msusi na Boksi Lisiloinuliwa

Msusi wa mtaa wetu ana ulimi ambao ungemfaa wakili. Ukikaa kwenye kiti chake usukwe, atakusimulia mpaka usahau kwamba kichwa kinauma. Duka langu la vifungo na nyuzi limepakana na saluni yake, ukuta mmoja tu, kwa hiyo simulizi zake nimezisikia kuliko redio. Mimi wananiita Mama Vifungo. Chekeni tu, vifungo vimesomesha watoto.

Jumapili mchana saluni inafungwa, na hapo ndipo anapotoa ule mchezo wake. Alifundishwa na mteja mmoja, mwalimu, ambaye alipohamishwa alimwachia kitabu cha kanuni na dadu yenye pande ishirini. Mchezo wenyewe hauna ubao wala karata. Msusi anasimulia safari, na kila mmoja wetu ni mtu ndani ya hiyo safari. Unasema unachofanya. Kikiwa kigumu, unarusha dadu ndani ya bakuli lake la kuchanganyia rangi ya nywele, mbele ya macho ya wote, na namba ikiwa kubwa umeweza, ikiwa ndogo umeshindwa. Maadui anawarushia yeye mwenyewe, nyuma ya kipande cha boksi la dawa ya nywele alichokisimamisha mezani ili tusione ramani yake. Boksi lile haliinuliwi. Ndiyo kanuni.

Wachezaji tuko watatu. Mimi ni mganga wa mitishamba, nilishakatwa sikio kwa shoka la jambazi nikanuna wiki nzima. Fundi bomba ni askari, na huyo kanuni kazimeza zote. Ukikohoa anakuuliza umekohoa kwa ukurasa upi. Wa tatu ni mdogo wake msusi, tunamwita Dereva.

Dereva aliendesha malori ya masafa marefu. Siku moja kioo cha mbele kilimvunjikia barabarani, kipande kikamwingia jicho la kushoto, na tangu hapo anakaa kwa dada yake, bandeji jichoni, akingoja kupona arudi kwenye usukani. Viatu vyake vya safari anavipiga rangi kila asubuhi. Akitafutiwa kazi nyingine, hata ya kusimamia stoo, anakataa, anasema lori linamsubiri. Na msusi alikuwa anajua. Daktari alimvuta pembeni kwenye korido akamwambia jicho lile halitaona tena, na kwa jicho moja hataruhusiwa kuendesha lori. Aliniambia mimi, vidole vyake vikiwa kwenye nywele zangu, na machozi yakanidondokea utosini. Kwa mdogo wake alisema tu, "Daktari kasema tuvute subira."

Nikamwambia, shoga, njia ya mwongo ni fupi. Akanivuta nywele makusudi.

"Wewe una mdogo aliyekulia mgongoni kwako?" akaniuliza. Nikamrudishia kichwa asuke, kwa sababu sina.

Basi, ndani ya mchezo Dereva alikuwa nani? Dereva, nani tena. Aliendesha gari la mizigo lililokokotwa na kenge wawili wakubwa kama ng'ombe. Wakichoka anawabembeleza, wakichafuka anatuambia tusubiri awapanguse matope, na fundi bomba anasonya. Huko ndiko tulikomsikia akicheka. Na huko ndiko msusi alikoanza kuharibu mambo.

Jumapili ninayoisema tulikuwa tunavuka daraja la mbao, tumebeba dawa za kijiji kilichougua. Ng'ambo walijificha wapiga mishale. Mshale wa kwanza ukanipata mimi begani. Wa pili ukampata fundi bomba pajani. Wa tatu ulimlenga kenge mmoja. Dadu ikagonga meza nyuma ya boksi, na kabla haijatulia msusi akasema, "Amekosa."

Kabla haijatulia, jamani. Nilimkanyaga mguu chini ya meza, lakini nilishachelewa.

Dereva akageuza kichwa chote, ndivyo anavyofanya siku hizi ili amwone mtu. "Dada, inua boksi."

"Boksi haliinuliwi."

"Hapo kweli haliinuliwi," akadakia fundi bomba, "kanuni iko wazi, msimulizi ana haki ya..."

"Fundi, wewe una mshale pajani. Mama Vifungo sikio hana. Mimi tangu nianze kucheza sijakwaruzwa hata ukucha. Maadui wa dunia hii wote wanajua kulenga, ila zamu yangu ikifika wanasahau." Hakupandisha sauti. "Nyumbani mnanikatia nyama kama mtoto. Nikiingia mnabadilisha mazungumzo. Nilidhani hapa angalau nacheza. Inua, dada."

Nilimwonea huruma msusi, tena sana. Mtu aliyejaliwa kusimulia hudhani anaweza kumsimulia mgonjwa mpaka apone. Alikaa ameshika ukingo wa boksi kama ameshika mlango upepo ukivuma. Kisha akalilaza mezani. Dadu ilikuwa inasema kumi na nane.

Fundi bomba hakuhitaji kufungua kitabu. "Mshale umepata," akasema chini chini. "Kenge anaanguka, na gari linamfuata."

"Linamfuata," msusi akakubali. Angeweza kuleta ndege mkubwa alidake gari hewani, uwezo huo anao, nimemwona akileta makubwa zaidi. Hakuleta. "Kanuni imechukua gari," akamwambia mdogo wake. "Dereva haijamgusa. Anafanya nini sasa, hilo useme wewe."

Dereva akafikiri, halafu akaanza. Anatoa kisu, anakata hatamu za kenge wa pili asiburutwe na mwenzake. Ananyakua kasha la dawa, anaruka. Analala kifudifudi juu ya mbao, anasikia gari lake likigonga mawe huko chini, na hachungulii. Anamkumbatia kenge aliyebaki shingoni mpaka aache kutetemeka. Mikono yake ilikuwa hewani muda wote anasimulia, na tangu ajali sijawahi kumsikia akiongea kiasi kile. Fundi bomba alipenga kamasi, akasingizia vumbi la nywele.

"Sasa anabeba kasha," msusi akamsaidia.

Dereva akatikisa kichwa, bado. Aliiokota dadu, akaizungusha vidoleni. "Na daktari alirusha ngapi?"

Msusi akanitazama. Nikainama kutafuta kifungo ambacho hakikudondoka.

"Namba mbaya," akasema. "Jicho limekwenda, mdogo wangu. Na lori pia. Aliniambia siku ile ile, mdomo ukanishinda."

Dereva akalia. Alilia waziwazi, kichwa juu ya meza, bakuli likatetemeka. Dada yake alizunguka meza akamkumbatia shingoni, hakusema neno, yeye ambaye maneno hayajawahi kumwishia, na hakumwachia mpaka mabega yalipotulia. Fundi bomba alitaka kuondoka, nikamvuta shati, akakaa.

Baadaye Dereva akajifuta uso kwa taulo la saluni, akairudisha dadu bakulini.

"Kutoka darajani mpaka kijijini," akauliza, "kwa miguu ni mbali?"

"Mbali sana," dada yake akasema, na safari hii hakupunguza kitu.